Aligonga Mara Tatu

Kambi ya mgodi, Geita
Jumapili mchana

Mwanangu Gervas,

Salamu nazifupisha, kwa kuwa tunalala nyumba moja na asubuhi hii umeniamkia nikakuitikia. Mimi mzima, mama yako mzima, na kesho alfajiri unaondoka na lori. Nimekaa nje kwenye gogo la kupasulia kuni, upande wenye kivuli. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la shule lililobaki na kurasa. Wewe umekwenda uwanjani kuaga wenzako. Nikisikia unarudi nitazikalia.

Utashangaa kwa nini baba anayelala hatua tatu kutoka kitandani kwako anakuandikia barua. Nimejaribu kusema nikashindwa. Ijumaa, nilipokuwa chini ya gari nawe unanipa spana, nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikaomba spana nyingine. Mara ya pili nikakuuliza kama umekula. Ndipo nikajua kwamba kwa mdomo haitawezekana. Darasa la nne sikulimaliza, hilo unalijua, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya usinicheke, endelea kusoma tu.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa, za kufua na za kuchagua marafiki mama yako amekwambia wiki nzima, na kesho atakwambia tena ukiwa umekwisha washa gari. Sina la kuongeza hapo.

Tangu ukiwa darasa la pili ulikuwa ukiniuliza: kama baba anajua magari hivi, kwa nini analisha mawe kwenye kinu cha mgodi siku sita kwa wiki? Nilikujibu kwamba macho yangu yameharibika. Macho yangu ni mazima. Juzi umeniona nikimtilia mama yako uzi kwenye sindano, ukacheka, ukasema, "Baba, yale macho mabovu yako wapi?" Nikacheka na mimi. Barua hii ni jibu la swali hilo.

Nianze na lori, maana hapo ulimi wangu ni mwepesi.

Lori analokukabidhi tajiri wako wa Runzewe ni zee. Saa yake ya maili ilizunguka mpaka mwisho, ikarudi kwenye sifuri, kisha ikafa, kwa hiyo hakuna ajuaye limetembea wapi na wapi. Walioliuza walilipaka rangi mpya. Mimi sikutazama rangi. Nilitazama pedali ya klachi, nikaona chuma kimelika katikati kikashika umbo la unyayo. Mguu wa mtu hauli chuma kwa mwaka mmoja.

Siku ulipolileta hapa kambini ulisema linatetemeka kidogo lakini ni barabara tu. Ukanipakia kando yako tulizungushe mpaka bwawani. Hatujafika nusu ya njia nilikuwa nimelowa jasho, nikakuomba usimame. Ulidhani nina homa, ukanirudisha kwa mama yako. Sikuwa na homa. Tangu nilipoacha kuendesha nilikuwa sijakaa mbele katika lori linalotetemeka, ndiyo hiyo tu.

Katika wiki hizi mbili tumeitafuta ile mitetemo pamoja, na nakiri umejifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Ule wa kwanza uliokuwa ukipiga kwenye usukani, unakuja kwenye mwendo fulani na kuondoka ukizidisha, tuliukuta ndani ya tairi la mbele: mtu alibandika kiraka kinene kama soli ya kiatu, tairi likawa zito upande mmoja. Wa pili, ule unaogonga chini ya sakafu unapoondoka na mzigo, ni misalaba ya shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Mmoja tumebadilisha. Wa nyuma nimeutia grisi, utavumilia mpaka mvua, si zaidi ya hapo.

Mtetemo wa tatu hatukuupata, na nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Ni ule mwembamba, unaokuja tu wakati wa kuteremka, ukiwa umeondoa mguu kwenye mafuta. Nilikwambia ni bodi. Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimechoka nawe ulikuwa unataka jibu. Sijui ni nini. Umeona nilivyoanza mapema kukudanganya hata katika jambo la chuma? Usiniamini kwenye huo. Endelea kuutafuta.

Kwa kuwa saa ya maili imekufa, usihesabu maili, hesabu safari. Kila ukifika Isaka na kurudi, lala chini ya gari uguse kwa mkono. Mkono unajua joto kabla jicho halijaona ufa. Kila safari ya tatu, grisi. Andika tarehe na kitu ulichogusa, hata kama ni nati moja, kwa sababu gari kuukuu lina historia ndefu kuliko sisi na kichwa chako kitachoka. Kazi kubwa zote, beringi, springi, kufungua ekseli, ziweke mvua zinapokata barabara na pamba imekwisha. Mwambie tajiri wako mapema, wakati bado anacheka. Akisema lori halijaharibika kwa nini ulifungue, mjibu kwamba ndiyo maana unalifungua.

Na ukibadilisha gurudumu, nenda maili kumi, simama, kaza tena. Dereva mzee wa Tabora aliyenifundisha kazi alinikalisha juu ya jeki akanirudishia maneno hayo mpaka nikaona ananitukana. Nati ukiikaza leo, kesho rangi na kutu vimesagika chini yake, imebaki na nafasi. Nafasi ndogo, haipitishi ukucha. Inatosha.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Jumatano ulirudi na habari kutoka kwa madereva wenzako. Ulituambia tukila, na mama yako akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Ulisema kati ya Kahama na Isaka kuna mzee mwendawazimu. Akisikia lori linakuja na watu wanaimba juu ya mzigo, anaingia katikati ya barabara na fimbo, anasimama mbele ya gari mpaka watu wanyamaze. Ukamwigiza alivyotanua mikono. Ulisema madereva wanamwita Trafiki, na wengine huwaambia abiria waimbe kwa makusudi wakikaribia pale ili wamwone akitoka mbio.

Mimi nilitoka nje, mkadhani nimekwenda msalani. Mzee huyo anaitwa Luhende, Gervas. Akili yake ni nzima kabisa. Alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na sauti yake ilikuwa inaweza kutoa watu shambani kwenye kijiji cha pili. Aliyemtia katikati ya barabara ni mimi.

Unakumbuka tulipokaa Isaka, nyumba ile ya nyuma ya stesheni, ukiwa na umri wa kama miaka minane? Vita ilikuwa imekwisha, na jeshi lilikuwa linauza malori yake. Tajiri mmoja wa pamba alinunua moja akanipa niendeshe. Mimi mtu wa Songea, nimetoka kwetu kwa miguu nikitafuta kazi, nikapewa lori. Nilivimba. Hata salamu za Kisukuma nilizijibu nikiwa juu, sishuki.

Lori lenyewe lilikuwa limechoka kama hili lako, pengine zaidi. Stata haikufanya kazi, kama ya hili lako. Kuliwasha ni kuzungusha hendeli mpaka bega liume, au kulisimamisha penye mteremko ulishtue kwa uzito wake. Ndiyo ikawa tabia yangu: sisimami ila mteremkoni. Barabara yote niliijua kwa miteremko yake, hapa naweza kusimama, hapa siwezi. Abiria walijua pia, wakanitania kwamba mtu akitaka kushuka nyumbani kwake lazima kwanza ajenge kilimani.

Na tundu za boliti kwenye gurudumu la nyuma kushoto zilikuwa zimelika. Tundu inatakiwa kuwa duara. Zile zilikuwa kama yai. Niliziona. Nilimwambia tajiri, akasema tumalize msimu kwanza, nami sikusema mara ya pili. Ningeweza kusema mara ya pili.

Siku ile nilikuwa na magunia ya pamba ya kuwahi treni. Asubuhi tairi lile la kushoto lilipata pancha, nikabadilisha, nikakaza, nikaondoka. Njiani nikawakuta Luhende na watu wake, kama ishirini na tano, wanawake kwa wanaume, wamevaa njuga miguuni, wanakwenda kushindana ngoma na kundi la upande wa Isaka. Unajua Wasukuma baada ya mavuno, ngoma ni vita yao. Wakaomba lifti. Nikawapandisha juu ya magunia.

Luhende alikuja dirishani kwangu kabla hatujaondoka. Alikuwa amejipaka dawa yake usoni, dawa ya kuvuta watazamaji. Akaniambia, "Dereva, tunaanza wimbo hapa. Ukianza haukatwi mpaka tufike uwanjani. Ukikatwa njiani, dawa inaanguka, na wale wenzetu watatucheka mwaka mzima. Kwa hiyo usisimame."

Nikamwambia hilo ni dogo, mimi mwenyewe sipendi kusimama.

Wakaanza. Mwanangu, kama hujawahi kuendesha lori lenye watu ishirini na tano wanaopiga miguu yenye njuga juu ya kichwa chako, siwezi kukueleza. Chuma chote kinaimba. Kiti kinaimba. Nilifurahi, nikawa napiga usukani kwa kidole. Maili kumi zikapita. Nilizijua zilipopita, kwa sababu pana kichuguu kirefu nilichokifanya alama. Nikasema moyoni, hawa wamekataza kusimama, nitakaza Isaka.

Baada ya muda nikahisi mtetemo mpya kwenye kiti. Nikasema, miguu yao. Ukazidi. Nikasema, wamechangamka.

Halafu mtu akagonga paa.

Unajua abiria wa juu akitaka gari lisimame hugonga paa la kibanda cha dereva. Kofi la mkono, na safari hii pamoja na kofi kulikuwa na bangili: pa, kisha mlio mwembamba wa shaba. Nikasema ni ngoma. Wamekosa cha kupiga wakapiga paa langu.

Tukaingia kwenye mchanga wa mto mkavu. Pale kila dereva hupunguza mwendo, nami nikapunguza. Hapo ndipo ninapotaka usome polepole. Nilipopunguza, wimbo haukupungua. Watu waliendelea kupiga miguu vilevile. Lakini ule mtetemo kwenye kiti ulipungua pamoja na gari. Pu, pu, pu, ukaja taratibu kama mtu anayechechemea. Nilipotoka mchangani nikakanyaga mafuta, nao ukakimbia pamoja nami. Miguu hufuata wimbo. Gurudumu hufuata mwendo. Sikuhitaji fundi wa kunieleza. Nilijua.

Akagonga mara ya pili. Safari hii haikulingana na wimbo hata kidogo.

Mbele yangu kulikuwa na kilima kile kirefu, na nyuma ya kilima mteremko mzuri sana, mrefu, wa kushtulia gari. Nikaanza kupanda. Mzigo ulikuwa mzito, mashine inalia, na mimi nikafikiri bega langu, na hendeli, na treni, na kwamba nikisimama hapa katikati ya kilima na watu ishirini na tano, hatuondoki. Nikasema nitasimama kule juu, mteremko unapoanza. Pale si mbali.

Akagonga mara ya tatu, kofi kwa kofi bila kupumzika, na nikasikia sauti ya mwanamke upande wa kushoto, karibu na dirisha, ikiniita dereva.

Nilisikia, Gervas. Nikasema kwa sauti, peke yangu kule ndani, "Subiri kidogo, dada."

Gurudumu lilitoka kabla sijafika juu. Nililiona likinipita kushoto, likapanda kilima mbele yangu lenyewe kama lina haraka, likaingia porini. Kisha lori likalala.

Magunia yaliwaokoa wengi. Walianguka pamoja na pamba, juu ya pamba. Mikono ilivunjika, meno, mguu mmoja. Lakini yule aliyekuwa akigonga hakuwa amekaa katikati na wenzake. Alikuwa akining'iniza miguu pembeni, akaliona gurudumu linacheza, akatambaa juu ya magunia mpaka mbele, akainama juu ya ukingo wa kushoto ili mkono wake ufike kwenye paa la kibanda changu. Wenzake walimkemea kwamba anakata wimbo. Hakuacha kugonga. Aliangukia upande ule aliokuwa ameinamia, na lori likamfuata.

Jina lake Minza. Alikuwa na kama miaka ishirini, umri wako wewe sasa.

Lori jingine lilipita likatuchukua mpaka hospitali ya misheni Kolandoto. Nilikaa nyuma nimeshika kichwa chake kisigonge mbao. Alikuwa na fahamu. Karibu na kufika akanitazama akasema, kwa Kiswahili chake cha shida, "Nilikugongea, kaka."

Nikamfunika jua kwa mkono. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu.

Alikaa siku mbili. Walimhangaikia kwa kila walichokuwa nacho, nisiwasingizie. Siku ya pili mama yake alifika, ametembea, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Akamkuta mwanawe amekwisha kufa. Baadaye akatoka akanikuta nimekaa ukutani, na Luhende yupo, na wengine wenye bandeji wapo. Hakulia mbele yetu. Akachuchumaa akaniamkia kwanza, mimi niliyekuwa mdogo kwake.

Kisha akaniuliza, "Dereva, mwanangu aligonga?"

"Wanasema aligonga, mama."

"Siwaulizi wao. Nakuuliza wewe. Ulisikia?"

Luhende alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Sikusikia. Walikuwa wanaimba."

Maneno hayo tu. Nimeyahesabu mara nyingi, hayajazi hata mstari mmoja wa daftari hili. Mama yule akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu akakipima akakiona kinatosha. Akafungua kitambaa chake akanipa michembe, viazi vikavu alivyojibebea kwa njia. Akasema nimemshika mwanawe kichwa mpaka hospitali, nisiende na njaa.

Sasa unajua kwa nini siwezi kula michembe. Wewe na mama yako mmenicheka miaka yote kwamba Mngoni anadharau chakula cha Wasukuma.

Askari aliandika kwamba nati zililegea, na ilikuwa kweli, akaondoka. Hakuna aliyenishtaki. Siku ya mazishi nilikwenda nikasimama nyuma. Walipomaliza kufukia, Luhende alileta ngoma yake kubwa, ile ya ngozi ya ng'ombe, akaiweka kando ya kaburi, akatoa kisu akaipasua ngozi kutoka huku mpaka huku. Akasema mbele ya watu wote, "Ni sheria yangu iliyomwua. Mimi niliyekataza wimbo usikatwe." Wanawake waliomkemea Minza wakawa wanajipiga vifuani. Mmoja alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Nilikuwa na hatua kama kumi tu kufika pale alipokuwa. Neno moja lingetosha kuwavua wote mzigo ule. Nikaliweka hapa kooni, na hapa limekaa.

Wiki hiyohiyo tulihama Isaka. Ulilia kwa ajili ya mbwa wako, nikakuambia tutamfuata, nikijua hatutamfuata. Mama yako nilimwambia kulikuwa na ajali na nimeogopa magari. Hiyo nusu anaijua. Nusu nyingine ataijua leo jioni, kabla hujamwamkia kesho, nimekwisha kuamua hivyo.

Nilipofika hapa Geita waliniuliza najua nini, nikasema kubeba. Wakanipa kuchagua, shimoni au kinuni. Nikachagua kinu. Watu walinishangaa, kwa sababu kinu kinapasua masikio na kutikisa mifupa, na wanaolisha mawe pale huomba kuhamishwa. Mimi sikuomba. Kinu kikizunguka, ardhi yote ya kambi inatetemeka, vikombe vya mama yako vinalia kwenye rafu, na katika kelele ile hakuna anayeweza kunigongea. Ila Jumapili wanakisimamisha. Umewahi kuniona Jumapili nikigeuka ghafla na kutazama juu, kwenye bati. Uliwahi kuniuliza, "Ni paka, baba?" Nikasema ni paka. Hatuna paka, wala jirani hana.

Leo ni Jumapili. Nimeandika mpaka hapa na amegonga mara mbili.

Sikuandikii ili unihurumie, wala sikufundishi tabia. Miaka hii yote nilidhani kosa langu ni kutosimama. Nimelipima sana, kama tunavyopima mtetemo: ondoa hiki, acha kile, uone kinachobaki. Ukiondoa tajiri, ukiondoa stata mbovu, ukiondoa sheria ya Luhende, tundu zile za yai zinabaki, na mimi niliyeziona. Hilo ni kosa, na dereva yeyote wa gari kuukuu anaweza kulifanya, hata wewe. Lakini kile kinachogonga kwenye bati si hicho. Ni yale maneno ya ukutani Kolandoto. Ya kilimani niliyafanya kwa muda wa pumzi chache. Ya ukutani nimeyafanya kila siku tangu siku ile, na Luhende amezeeka nayo, anakimbia barabarani na fimbo, na watoto wa watu wanamcheka, na juzi mwanangu mwenyewe alimwigiza mezani kwangu.

Usijilaumu kwa kumwigiza. Hukujua. Ila kesho ungepita pale, na keshokutwa, na kila wiki, na siku moja mzee yule angekuja dirishani kwako akakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Huwauliza madereva wote, ulisema mwenyewe. Ungemjibu kwa heshima, kama nilivyokulea, na jina langu lingetoka mdomoni mwako kama jina la mtu mwema. Nisingeweza kukuacha uingie barabara ile hivyo.

Nilifikiri kukutuma. Nilikwisha kuandika karatasi nyingine ya kumpelekea, umsomee. Nimeichana asubuhi. Mzigo huu si wa kupakiwa juu ya lori la mtu mwingine.

Nyapara amenipa siku nne. Nimemwambia nakwenda kuhani msiba, akauliza msiba wa lini, nikasema wa zamani.

Kwa hiyo kesho utakapotoka kwenda kuwasha gari utaikuta barua hii juu ya kiti chako, chini ya kitambaa cha kufutia kioo. Isome yote kabla hujawasha. Ukimaliza, kama hutaki kunibeba, washa uondoke, nitasikia mashine ikiondoka nami sitakulaumu. Nitakwenda kwa miguu, kama nilivyokuja nchi hii. Kama unakubali kunibeba, usinifungulie mlango wa mbele. Kiti cha mbele sikitaki. Nitakuwa nimekwisha panda juu ya mzigo, upande wa kushoto, nyuma ya kibanda chako. Nikiwa huko nitasikiliza na ule mtetemo wa tatu, pengine kwa juu unasikika vizuri.

Maili kumi za kwanza simama mwenyewe, ukaze nati. Hapo sitakukumbusha.

Ukipita Kahama, ukavuka mto wa mchanga, utakiona kilima kirefu mbele yako. Kwa ulivyotueleza Jumatano, Luhende sasa anakaa mwanzo wa kilima, nyumba ya pili kushoto, na mama yake Minza, kama bado yu hai, hayuko mbali naye. Gari litakuwa limeanza kupanda, litakuwa zito, nawe utatamani ufike juu kwanza. Nitagonga mara moja.

Simama hapohapo. Hendeli nitazungusha mimi.

Baba yako,
Kassian